Kabla Hujakabidhi Funguo: Mwongozo kwa Wenye Fleti Wanaotafuta Kampuni ya Kusimamia Wageni wa Muda Mfupi

Katika mitaa ya Nyali, Kizingo, Bamburi na Shanzu, fleti zilizokuwa zikikaliwa na mpangaji mmoja mwaka baada ya mwaka sasa zinapokea wageni wa usiku mmoja, wa wikendi au wa wiki mbili. Wageni hawa huteremka treni pale Miritini, wengine huja kwa ndege, na wengine hufika na magari yao kutoka bara. Nyumba wameipata kupitia Airbnb, Booking.com au ujumbe wa WhatsApp waliotumiwa na jamaa.

Si kila mwenye fleti anaweza kuwapokea wageni hao mwenyewe. Yuko anayefanya kazi Doha au Jeddah na huja likizo mara moja kwa mwaka. Yuko mstaafu aliyerudi kuishi shambani. Yuko mama aliyeachiwa fleti na marehemu mumewe na hajui hata jinsi ya kuweka picha kwenye mtandao. Hawa ndio wanaofuatwa na kampuni za usimamizi kwa ahadi moja: tupe funguo, sisi tutafanya kazi, wewe subiri pesa.

Kampuni zinazotimiza ahadi hiyo zipo. Hata hivyo, kwa familia nyingi fleti ndiyo akiba ya maisha yote, na pengine bado inalipiwa mkopo wa benki. Kuikabidhi kwa mtu mwingine bila kuelewa masharti ni hatari. Makala haya yanaeleza unachopaswa kujua, kuuliza na kuandika kabla ya kutia sahihi.

KAMPUNI INAFANYA KAZI GANI?

Kwa kawaida kampuni hupiga picha za nyumba, huitangaza mtandaoni, hupanga bei ya kila usiku, hujibu maswali ya wageni, huwapokea na kuwaaga. Baada ya kila mgeni kuondoka, hufanya usafi, hufua mashuka na taulo, na hukagua kama kuna kilichovunjika au kupotea. Hununua sabuni, karatasi za chooni, gesi na tokeni za stima. Fundi akihitajika, humwita.

Hapa pwani kuna kazi nyingine ambazo mwenye nyumba hapaswi kuzisahau. Hewa ya chumvi hula vyuma, hivyo viyoyozi, bawaba za milango na friji huhitaji kukaguliwa mara kwa mara. Maji ya mfereji hukatika, na mgeni aliyelipa hataki kusikia habari za mgao. Ni lazima mtu aangalie tangi na kuagiza maji ya lori mapema. Iulize kampuni: kazi hizi ni zako au ni zangu? Na gharama yake inatoka wapi?

AINA TATU ZA MAKUBALIANO

Ya kwanza ni kamisheni. Kampuni huchukua asilimia fulani ya mapato, na kinachobaki baada ya gharama ni chako. Wageni wakiwa wengi nyote mnafaidika. Wakikosekana, bili za nyumba zinabaki kuwa zako.

Ya pili ni ada maalum ya kila mwezi. Unailipa kampuni kiasi kilekile, wageni wawepo wasiwepo. Hesabu yake ni rahisi, ila kampuni haina msukumo mkubwa wa kujaza nyumba, kwa kuwa malipo yake hayabadiliki.

Ya tatu ni kodi ya uhakika. Hapa kampuni inakuwa mpangaji wako: inakulipa kodi ya kila mwezi, kisha yenyewe inawakodisha wageni na kubaki na faida. Unajua utapata nini kila mwezi, lakini uhakika huo una nguvu sawa na kampuni yenyewe. Ikishindwa kulipa miezi ya Mei na Juni, wageni wanapokuwa wachache, utalazimika kudai kama mwenye nyumba yeyote anavyomdai mpangaji. Mkataba wa aina hii uandikwe na wakili, uwe na amana, na utaje wazi kwamba umeruhusu kampuni kuwapangisha wengine.

Jambo hilo la mwisho lina upande wake wa pili. Kuna wapangaji wanaochukua nyumba kwa kodi ya kawaida kisha kuigeuza ya wageni bila mwenyewe kujua. Ikiwa hutaki hivyo, weka katika mkataba wa upangaji sharti linalokataza kukodisha kwa mtu wa tatu bila idhini yako ya maandishi.

PIGA HESABU YA MWAKA, USITAZAME DESEMBA PEKE YAKE

Kampuni nyingi zitakuonyesha mapato ya Desemba, Pasaka au Agosti. Omba pia ya Mei, mvua za masika zinaponyesha na ufuo kuwa mtupu. Tazama mfano huu wa fleti ya vyumba viwili. Viwango ni vya kuonyesha hesabu tu, weka vyako.

Tuseme bei ni shilingi 6,000 kwa usiku, na mwezi wa kawaida una usiku 15 wenye wageni. Mapato ni shilingi 90,000. Jukwaa la mtandaoni likikata asilimia 3, zinaondoka 2,700. Kampuni ikichukua asilimia 20 ya mapato yote, ni 18,000. Usafi wa mara sita kwa shilingi 1,000 ni 6,000. Stima 9,000, maji 3,000, intaneti 3,000, ada ya huduma za jengo 6,000, na sabuni, gesi na vitu vidogovidogo 3,000. Jumla ya makato yote ni 50,700. Kinachobaki ni shilingi 39,300, kabla ya ushuru na matengenezo.

Sasa tuseme Mei ina usiku 7 tu. Mapato ni 42,000. Jukwaa linachukua 1,260, kampuni 8,400, na usafi wa mara tatu ni 3,000. Bili zikipungua hadi 17,000, kwa sababu intaneti na ada ya jengo hazipungui, unabaki na shilingi 12,340.

Linganisha na mpangaji wa kudumu anayelipa shilingi 40,000 kwa mwezi na kujilipia stima, maji na intaneti. Ukitoa ada ya jengo ya 6,000, unabaki na 34,000 kabla ya ushuru, Mei na Desemba sawasawa. Katika mfano huu, mwezi wa kawaida wa wageni unazidi kwa shilingi 5,300 pekee, na hapo hujanunua magodoro, mashuka na televisheni. Biashara hii hulipa pale miezi ya msimu inapofidia miezi ya ukame. Ikiwa una mkopo wa benki unaolipwa kila tarehe 5, jiulize: Mei nitalipa na nini?

Uliza pia asilimia ya kampuni inapigwa juu ya kiasi gani. Asilimia 20 ya mapato yote si sawa na asilimia 20 ya kinachobaki baada ya gharama. Katika mfano wetu wa mwezi wa kawaida, ya kwanza ni shilingi 18,000. Ya pili, ikiwa gharama zote zinatolewa kwanza, ni shilingi 11,460.

JE, JENGO LAKO LINARUHUSU?

Kabla ya kuitafuta kampuni, soma hati zako. Majengo mengi ya fleti yana sheria ndogo zinazosimamiwa na shirika la wenye nyumba, kwa mujibu wa Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka wa 2020, au masharti yaliyomo katika hati yako ya ukodishaji wa muda mrefu. Baadhi hukataza wageni wa muda mfupi. Mengine huruhusu kwa sharti la kumjulisha bawabu, kuweka kikomo cha idadi ya watu, au kutotumia kidimbwi cha kuogelea baada ya saa fulani. Pata jibu la shirika kwa maandishi. Kampuni ikikwambia "hilo tutalimaliza na askari wa geti," tafuta kampuni nyingine.

Pili ni leseni. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, udhibiti wa biashara na utalii wa ndani ya kaunti ni kazi ya serikali za kaunti. Fleti ya wageni wanaolipa ni biashara, na inahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara kulingana na Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika, kwa hivyo uliza kiwango cha sasa katika ofisi ya kaunti ndogo yako: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu.

Aidha, Sheria ya Utalii ya 2011 inawataka wanaotoa malazi kwa watalii kupata leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA). Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za wageni wa muda mfupi jijini Nairobi, mamlaka hiyo iliwakumbusha wamiliki wote kujisajili. Kuajiri kampuni hakukuondolei wajibu huu. Mkataba useme leseni zitatolewa kwa jina la nani, nani analipa na nani anafuatilia kuzihuisha. Omba nakala ya kila leseni uiweke mwenyewe.

IKAGUE KAMPUNI KABLA HAIJAIKAGUA NYUMBA YAKO

Jina zuri na picha za kupendeza hazitoshi. Fanya haya:

1. Thibitisha usajili. Kupitia eCitizen, Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Hakikisha anayetia sahihi ni mmoja wao, au ana idhini yao ya maandishi.

2. Uliza kuhusu Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, inawahusu wanaopangisha na kusimamia nyumba za watu kwa malipo. Ajenti aliyesajiliwa ana mahali pa kushtakiwa akikosea.

3. Ona ofisi. Kampuni iliyo kwenye simu pekee ni vigumu kuipata siku ya taabu.

4. Zungumza na wenye nyumba wengine wasiopungua watatu, akiwemo mmoja aliyeacha kufanya kazi nao. Waulize pesa hufika siku gani na taarifa ya mapato inaonekanaje.

5. Soma maoni ya wageni kuhusu nyumba inazosimamia, na usikimbilie yale mazuri. Malalamiko ya mashuka machafu au funguo kuchelewa yakijirudia katika nyumba tofauti, tatizo ni msimamizi.

6. Lala usiku mmoja katika mojawapo ya nyumba hizo, au mtume jamaa unayemwamini. Utajifunza mengi kuliko katika mkutano wowote.

MKATABA UWE NA NINI?

Mkataba wa mdomo una mashahidi wachache. Uandikwe, na usitie sahihi siku ileile unapopewa. Uhakikishe una mambo yafuatayo.

Pesa. Zinaingia wapi kwanza: kwenye akaunti yako au ya kampuni? Kama ni ya kampuni, unalipwa tarehe gani, na je, pesa za wageni zinatengwa na pesa za matumizi ya kampuni? Dai taarifa ya kila mwezi inayoonyesha kila mgeni, usiku aliolala, alicholipa, makato na risiti za matumizi. Isitoshe, omba uwezeshwe kuona kalenda ya nyumba yako mtandaoni wakati wowote. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kugundua wageni wanaolipa pembeni. Unaweza pia kulinganisha na tokeni za stima: nyumba isemwayo kuwa tupu haiwezi kula tokeni za wiki nzima.

Tangazo la nyumba. Maoni mazuri ya wageni hujengwa polepole na ndiyo yanayoleta wageni wapya. Kama tangazo liko kwenye akaunti ya kampuni, siku mtakapoachana maoni hayo yatabaki nayo. Inapowezekana, akaunti iwe yako na kampuni iwe msaidizi aliyepewa ruhusa.

Matengenezo. Weka kiwango, tuseme shilingi 5,000, ambacho kampuni inaweza kutumia bila kukuuliza. Zaidi ya hapo, ipate kibali chako, pamoja na picha na bei ya fundi. Uliza kama kampuni inaongeza chochote juu ya bei ya fundi.

Orodha ya vitu. Siku ya kukabidhi, andikeni kila kitu kuanzia kitanda hadi kijiko, mpige picha, na nyote mtie sahihi. Taja nani analipa kitu kikivunjwa na mgeni, na nani anafuatilia madai hayo.

Bima. Bima ya kawaida ya nyumba huenda isilipe hasara iliyotokea ukiwa na wageni wa kulipia. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi na upate jibu lake.

Siku zako. Ukitaka kuja likizo na familia Desemba, sema mapema ni siku ngapi kwa mwaka unaweza kutumia nyumba yako na unatoa notisi ya muda gani.

Kuachana. Muda wa notisi usiwe mrefu kupita kiasi. Siku 30 hadi 60 zinatosha. Mkubaliane pia kuhusu wageni waliokwisha kulipia tarehe za mbele, na siku ya kurudisha funguo zote.

Onyo moja zito: mkataba wa usimamizi si hati ya uwakilishi. Usitie sahihi hati inayompa mtu mamlaka ya kuuza, kuhamisha au kuweka rehani fleti yako, na usimwachie msimamizi hatimiliki yako halisi. Anahitaji funguo, hahitaji hati. Walio ng'ambo wawe makini zaidi hapa, kwa maana mara nyingi hutumiwa karatasi nyingi na kuombwa watie sahihi haraka.

USHURU NI WA NANI?

Mapato ni yako, na ushuru wake ni jukumu lako, hata kama pesa zinapitia kwa kampuni. Wengi hudhani kiwango cha asilimia 7.5 cha kodi za nyumba, kilichoanza Januari 2024 kwa mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, kinahusu kila nyumba. Kiwango hicho kimewekwa kwa nyumba za makazi. Malazi ya likizo hutazamwa tofauti. Kwa mfano, Sheria ya VAT imeondoa ushuru huo kwa kodi ya makazi, lakini si kwa malazi ya likizo. Ukifikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka unapaswa kujisajili. Tembelea ofisi ya Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) au Huduma Centre uelezwe kundi lako kabla ya kuanza. Uliza pia Hazina ya Utalii kuhusu ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mapato na kama nyumba yako inahusika.

Kampuni ikupe ankara ya eTIMS kwa ada yake. Tangu 2024, gharama zisizo na ankara hiyo kwa kawaida hazikubaliki unapopunguza matumizi katika hesabu za ushuru. Na wafanya usafi na wapokezi wawe waajiriwa wa nani? Mkataba utaje nani anawalipia NSSF, SHA na ada ya nyumba za gharama nafuu.

USALAMA WA WAGENI NA MAJIRANI

Nyumba ikitokewa na uhalifu, watakaogonga mlango wa kwanza ni wako. Kampuni iandikishe kitambulisho au pasipoti ya kila mtu mzima anayelala, si ya aliyelipa peke yake. Nakala hizo zihifadhiwe kwa siri kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, zisizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kamera ziwe getini na koridoni. Ndani ya nyumba hazifai, na Airbnb yenyewe imezipiga marufuku ndani tangu Aprili 2024. Kifaa cha kuzima moto, kufuli imara na namba za dharura ukutani viwepo: 999 au 112.

Watoto walindwe. Msimamizi asimpokee mtu mzima aliyeandamana na mtoto ambaye uhusiano wao una shaka. Apige simu ya bure 116 ya kuwasaidia watoto, au awaite polisi. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inamgusa hata anayekodisha chumba kwa shughuli hiyo huku akijua.

Majirani nao wana haki ya kulala. Weka saa za utulivu katika masharti ya nyumba, na mpe jirani wa ukuta mmoja namba ya kampuni inayojibiwa hata saa nane za usiku.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Anza na barua ya madai yenye tarehe na kiasi, ukiambatisha taarifa za mapato na ujumbe wote mlioandikiana. Isipojibiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Kwa ajenti aliyesajiliwa, lalamika pia kwa bodi yake. Pakiwa na dalili za wizi au ughushi, piga ripoti polisi na upewe namba ya OB.

Wakazi wanaotaka kujua kuhusu leseni ya biashara ya nyumba za wageni wafike ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu nao wakiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na nakala ya hati ya umiliki au ya mkataba. Ikiwa tayari una mkataba na kampuni, usingoje ugomvi: utoe leo, usome tena, na mambo yaliyokosekana uombe yaandikwe kabla ya msimu kuanza.